Taa ya Kijani Haisemi Inamfuata Nani

Nuru mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na wewe umelala. Mambo ya sare, ndala za kuogea na dawa ya mswaki tumeyamaliza mchana, na Mama Mkubwa wako Hadija atayarudia yote ukifika Vihingo mpaka uchoke. Mimi nakuandikia lile ambalo sikuweza kulisema ukiwa unanitazama: kwa nini nakuondoa Kibaha, kwenye nyumba ya mama yake baba yako, wakati shule ipo hapa hapa na bibi yako anakupenda.

Umeniuliza leo mara mbili. Mara ya kwanza nikasema madarasa ya huku yamejaa mno. Mara ya pili nikakutuma dukani. Ulirudi na chumvi ambayo hatukuihitaji, ukaiweka mezani, hukuuliza tena. Uliponyamaza vile ndipo nilipoona kwamba lazima niandike.

Nina hofu, Nuru. Ninayo tangu Jumapili ile uliyosukwa nywele kwa Mama Rehema. Ili uielewe, inabidi nikueleze kwanza kazi yangu, maana huko ndiko nilikojifunza kuogopa kwa namna hii.

Wewe unajua tu kwamba mama ni karani kwenye karakana inayokagua vipimo. Watu wa minara ya simu na redio wanatuletea vifaa vyao tuwaambie kama bado vinapima sawasawa, na mimi ndiye ninayeandika vyeti. Kifaa chetu kikubwa ni kisanduku cha chuma chenye nafasi kama za rafu, na kila nafasi inaingia kadi yake. Kadi moja inatoa mawimbi, nyingine inayahesabu, nyingine inayachora kwenye kioo. Ukitaka kazi nyingine unachomoa kadi moja na kuchomeka nyingine. Lakini kadi zote zinaishi kwa mapigo ya saa moja, iliyomo ndani ya kisanduku. Si saa ya kukuambia ni mchana au jioni. Ni kitu kinachopiga haraka sana bila kupumzika, na kila kadi inafanya kazi yake kwa kufuata mapigo hayo.

Saa hiyo ya ndani ni ya kawaida, inachoka na kupotoka. Kwa hiyo nyuma ya kisanduku kuna tundu la kuingizia waya kutoka saa ya nje, ile kubwa ya karakana inayojirekebisha kwa setilaiti. Waya ukikaa vizuri, kisanduku kinaacha mapigo yake na kufuata ya nje. Hapo taa ndogo ya kijani inawaka.

Wiki zangu za mwanzo pale, Bwana Mkude, injinia wetu, alinipa zoezi nijue ninachokiandikia vyeti. Unamkumbuka, yule aliyekuja kwenye msiba wa baba yako na shati la maua kwa kuwa hakuwa na jingine garini. Aliniambia nihakikishe kwamba kisanduku kinafuata saa ya nje. Nikatazama taa, ni ya kijani. Nikachukua mapigo ya kisanduku, nikayapeleka kwenye kadi ya kuhesabu, nikasoma.

"Umepata ngapi, dada Zuhura?"

"Milioni kumi kamili kwa sekunde, bosi."

"Kamili?"

"Kamili kabisa. Hata nukta haichezi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi hujapima kitu. Umemuuliza mlevi kama amelewa."

Sikuelewa, nikaudhika. Nilikuwa nimesoma, nina stashahada yangu, sikupenda kuchekwa mbele ya wenzangu. Ndipo akanieleza. Kadi ya kuhesabu inahesabu kwa mapigo ya kisanduku hicho hicho. Kisanduku kikichelewa, na yenyewe inachelewa vile vile, kwa hiyo itaona kila kitu kimenyooka milele. Kadi zote zinaweza kuwa zimepotoka pamoja na zikakubaliana bila kasoro. Namba isiyochezacheza hata kidogo, alisema, ndiyo ya kuitilia shaka.

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Akaufungua waya wa saa ya nje, akautoa kabisa, akauweka mkononi mwangu. Taa ya kijani ikabaki inawaka.

"Haya," akasema. "Inafuata nini sasa hivi?"

Nywele zilinisimama. Yeye alicheka tena, akatafuta, akakuta kwamba kisanduku kilikuwa kinadaka mapigo yanayovuja kutoka waya wa kifaa cha jirani. Kulikuwa na sababu. Lakini maneno aliyoyasema akiwa amepiga magoti chini ya meza ndiyo ninayolala nayo siku hizi. Alisema, "Taa inasema inafuata. Haisemi inamfuata nani."

Njia yake ya kuhakikisha ni nyingine. Anaweka kihesabio cha pembeni, kisichohusiana na kisanduku hata kwa waya. Halafu anaisogeza saa ya nje kidogo sana, kwa makusudi, bila kukigusa kisanduku. Kama kisanduku kinaifuata kweli, na chenyewe kitasogea kiasi hicho hicho. Kisiposogea, kina bwana mwingine. Akishasogeza mbele hurudisha nyuma, aone tena.

Sasa nikuambie kosa ambalo lilikugharimu wewe kuliko mimi, maana kwa baba yako pia nilidanganywa hivyo hivyo, miaka mingi kabla ya kuona kisanduku chochote.

Nilikuwa chuoni hapa Kibaha, na Idrisa alikuwa utingo wa lori la kokoto. Tulikubaliana atakuja kuniposa. Kisha rafiki zangu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia Idrisa ana mke kijiji cha Janga. Mmoja angekuwa na wivu, lakini wanne? Nikamrudishia vitu vyake kwa mkono wa mtu, nikabadilisha namba ya simu, nikarudi Vihingo kwa mama yangu nikiwa na mimba yako na sikumwambia. Ulikuwa umeshaanza kutembea nilipogundua kwamba wote wanne walilipata neno hilo kwa msichana mmoja, na msichana yule alikuwa ameona mwanamke amekaa kwenye lori, basi. Mwanamke huyo alikuwa dada yake Idrisa, anapelekwa hospitali.

Idrisa mwenyewe ndiye aliyetutafuta. Siku aliyofika Vihingo nilikuwa jikoni. Hakubisha, hakupiga hodi, alipita uani kama aliyetoka kisimani na kuuliza, "Nani amepika bila mimi?" Mama yangu alishika mwiko wa kumpigia. Wewe ukaenda ukamshika suruali. Ndivyo alivyokuwa kila mahali, Nuru. Kwenye nyumba ya mama yake, ya rafiki zake, hata ya bosi wake, aliingia tu huku anaongea. Bibi yako alimgombeza kwa tabia hiyo mpaka mwisho. Kumbuka jambo hili, nitakuja kulihitaji.

Muda wote uliomkosa ulipokuwa mchanga, mimi ndiye niliyekunyima. Nilihesabu midomo, sikuuliza neno walilichota wapi.

Baba yako alipofariki kwenye ajali ya lori masika yaliyopita, unajua tulivyokuwa. Baada ya arobaini ndipo mambo yale yakaanza. Bibi yako alikuwa anakuna nazi alasiri, saa ile ambayo Idrisa alikuwa anarudi baada ya kuegesha lori. Akainua kichwa akasema, "Huyo." Kesho yake tena. Baba yako mdogo Shabani akasema na yeye amesikia mlango wa uani ukigongwa. Jumapili iliyofuata nikasikia mimi: mgongo wa kidole kwenye mbao, taratibu, kisha kimya.

Sikuogopa wakati ule. Bibi yako alikuwa anajibu, "Karibu, baba, mlango wazi," kwa sauti ile ya kumkaribisha mtoto wake, na anaweka kikombe cha chai kwenye ukingo wa baraza. Ikipoa Shabani anaichukua. "Kaka anajua mimi sipendi chai ya moto," alikuwa anasema, na bibi yako anamtupia ndala. Tulicheka, mwanangu. Ilikuwa ni faraja yetu, na nani angetunyang'anya?

Hapo ndipo nilipokosea kwako. Jioni moja ulikuja ukiwa kimya, nami nikakuuliza, "Umemsikia baba akigonga?" Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi. Jibu lote lilikuwa ndani yake. Nilikupa nani, nikakupa anafanya nini, wewe ukabaki kuitikia tu. Ukasema ndiyo. Na siku nyingine uliponiambia jambo tofauti, kwamba yeye anasema, nikakukatisha: "Acha uongo, Nuru. Anagonga tu." Kwa nini niliuita uongo? Kwa sababu sisi watatu tulikuwa tunakubaliana na wewe ulikuwa peke yako.

Ni kazini nilipoanza kuwaza. Nilikuwa naandika cheti, nikaona namba isiyocheza, nikakumbuka bibi yako anavyoinua kichwa. Kabla ya kuinua kichwa, hutazama ukutani. Sisi sote hutazama ukutani. Saa ya sebuleni inaonekana kutoka uani mlango ukiwa wazi, na mshale ukikaribia mahali pake, mikono yetu inapunguza kazi. Nikajiambia: Zuhura, hakuna anayegonga. Ni saa ya ukutani inayogonga ndani yenu, na mtoto umemfundisha mwenyewe. Nilihuzunika, lakini pia nilipumua.

Nikataka kuhakikisha. Ndiyo maana Jumapili ile, bibi yako akiwa anaswali alasiri, nilipanda kwenye kiti nikaisogeza saa mbele kwa robo saa. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu ya Shabani imezima. Wewe ulikuwa kwa Mama Rehema, nyumba ya tatu, umekaa kwenye mkeka chini ya ukuta, na pale hakuna saa wala redio. Baadaye nilikwenda nikaangalia. Saa yangu ya mkononi niliiacha kama ilivyo, nikaivuta ndani ya mkono wa gauni.

Mshale wa ukutani ukafika. Bibi yako akaacha kukuna nazi. "Huyo," akasema.

Shabani akageuka. "Leo amegonga kwa nguvu."

Na mimi, niliyeisogeza saa kwa mikono yangu mwenyewe, niliyejua kwamba wakati bado, nilisikia. Nilisikia mbao, Nuru. Taratibu, kama siku zote. Sitakuficha: lilikuwa ni jambo la aibu na la ajabu kuliko yote yaliyowahi kunipata, kujua kwamba kitu hakipo na masikio yako yakakuletea. Lakini jibu nililipata. Sisi watatu tulikuwa kadi za kisanduku kimoja. Bibi yako akaweka chai. Nikakaa nayo, nikaitazama ikitoa mvuke, na nikaanza hata kutabasamu.

Ile robo saa ikapita. Chai ilikuwa imepoa na Shabani ameshaimaliza. Ndipo ulipoingia kupitia mlango wa mbele, unakimbia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama.

"Mama, mbona hamjibu?"

"Tujibu nini?"

"Baba. Yuko kwenye mlango wa uani anapiga hodi, ninyi mmekaa tu."

Nikaivuta saa yangu mkononi. Ilionyesha wakati wenyewe, ule wa kweli, wa siku zote.

Unakumbuka bibi yako alivyokujibu? Alicheka. "Ameshakuja na ameshakunywa chai, mjukuu wangu. Leo umechelewa wewe." Shabani akakutania nywele, akakuita mlima Kilimanjaro upande mmoja. Hakuna aliyeona uso wangu. Nilikushika mkono nikakupeleka chumbani, na kwa mara ya kwanza nikakuuliza vizuri, swali lisilo na kitu ndani yake.

"Umesikia nini?"

"Hodi."

"Kisha?"

"Hodi tena. Halafu anangoja." Ukafikiri kidogo. "Hagongi, mama. Nilikuambia. Mnasema anagonga, mimi sijawahi kusikia kugonga. Anapiga hodi, anangoja nimkaribishe."

"Nani amkaribishe?"

"Mimi. Bibi akisema karibu, yeye anaendelea tu kupiga hodi."

Ulisema hivyo huku unakuna kichwa palipokuwa panavuta, kama mtu anayesimulia habari za darasani.

Sasa unaona. Niliisogeza saa na sote tukasogea, isipokuwa wewe. Hukutazama ukutani, hukuwa na sisi, na ulikuja kwa wakati wako na neno lako. Yale niliyokufundisha hukuyashika kamwe. Taa yako inawaka na waya wetu haumo.

Bwana Mkude angerudisha saa nyuma aone tena. Mimi sikuthubutu. Niliirudisha mahali pake usiku ule, na tangu hapo nimehakikisha kwamba alasiri hauko uani. Umeona nimekutuma sokoni, umeona nimekupeleka kwa Mama Rehema hata siku ambazo nywele zako zilikuwa nzuri. Kila siku unarudi unanitazama, na mimi siulizi.

Kuna watu wataniambia baba kumfuata mtoto wake si jambo la kutisha. Bibi yako angesema hivyo, na angelia kwa furaha, ndiyo maana sijamwambia. Angekushika mkono akakupeleka mlangoni, akakuambia, mkaribishe baba yako. Naogopa hilo kuliko kitu kingine chochote. Nilimpenda Idrisa. Nilimkosa kwa ujinga, nikampata, nikamkosa tena. Kama ni yeye, ningekwenda nikafungue mwenyewe. Lakini nimekuambia alivyokuwa anaingia kwenye nyumba za watu. Katika maisha yake yote sikumsikia akipiga hodi hata siku moja, wala hakuwahi kungoja karibu ya mtu.

Mimi sijui aliye mlangoni ni nani, Nuru. Najua tu kwamba ana adabu ambazo baba yako hakuwa nazo.

Kwa hiyo unakwenda Vihingo. Nimepachagua kwa sababu Mama Mkubwa wako hajui lolote. Hakuna mtu kule aliyeinua kichwa alasiri na kusema huyo. Sijamwambia na nakuomba usimwambie, si kwa kuwa ni siri ya aibu. Ukimwambia, wiki ijayo na yeye atasikia, na hapo utakuwa umepoteza mtu pekee anayeweza kukuambia kwamba uani hakuna mtu.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuandikia kwamba kesho, ukishaondoka, nitakaa uani alasiri nisikilize kama bado anakuja hapa. Nimelifuta wazo hilo. Mimi nilisikia mbao ambazo hakuna aliyezigonga. Nitakaa pale na nitasikia chochote ninachotaka kusikia, na siku nitakapokuwa na hofu sana nitasikia kimya na kuapa kwamba amekufuata. Masikio yangu hayafai tena kwa kazi hii. Ya bibi yako na ya Shabani ndiyo kabisa. Katika watu wote wa nyumba hii, wa kumwamini ni yule niliyemwambia aache uongo.

Nisamehe kwa neno lile. Ulikuwa unaniambia ukweli na mimi nikakupa wa kwetu.

Sitakuagiza useme nini wala ufanye nini. Nikikuambia usikilize, utasikiliza, na mtu anayesikiliza sana husikia. Ishi tu. Soma, cheza na watoto wa Mama Mkubwa, wakatie mbuzi majani. Ukiona umesahau ni saa ngapi, vizuri. Jambo moja tu nakusihi kama mzazi: huko Vihingo mtu akipiga hodi, mwache Mama Mkubwa aitikie. Ni nyumba yake. Wewe usiseme karibu, hata kama ni sauti unayoipenda, hata akingoja muda mrefu, mpaka umemwona uso wake.

Na siku yoyote ukiwa na la kuniambia, chukua simu ya Mama Mkubwa, toka nje kwenye uwazi, unipigie. Nitapokea hata nikiwa mbele ya bosi. Safari hii sitakutangulia kwa swali. Sitakuambia ni nani, wala alifanya nini, wala kwamba haiwezekani. Nitanyamaza upande wangu mpaka umalize, hata kama utakachosema ni kwamba ameshaingia.

Mama yako,
Zuhura